Nilivyomchunguza Dada Atupele

Jina la Bwana liinuliwe, ndugu zangu. Mimi ndiye ninayeongoza timu ya uinjilisti ya kanisa letu hapa Nkunga, na leo sisimami kusema tumewapata watu wangapi. Nasimama kusema Mungu amenitoa wapi.

Mimi ni mtu wa kushuku. Kuku wangu akipotea, kabla sijamtafuta nimeshamjua mwizi. Nilipookoka, pombe niliiacha, lakini tabia hii nikaja nayo kanisani, nikaiita uangalifu.

Timu yetu ilikuwa ya watu wanane. Kila Jumamosi tulikwenda nyumba kwa nyumba, wote pamoja, tukiimba njiani. Mwanzoni tulipokelewa vizuri. Kisha milango ikaanza kufungwa. Unapiga hodi, unasikia mtu anakohoa ndani, na hakuna anayefungua. Nikajua kuna mtu kati yetu anatuhujumu.

Nikaanza kuwahoji mmoja mmoja baada ya maombi. Unaongea na nani? Simu ile ilikuwa ya nani? Wawili wakaacha kuja, nami nikasema moyoni, ndio hao. Lakini milango iliendelea kufungwa. Nikamgeukia Dada Atupele, mchuma chai aliyetoka kanisa jingine mwaka huo huo. Nyumba chache zilizotufungulia zilimuulizia yeye kwanza. Na mara mbili nilimwona siku ya Ijumaa akitoka kwenye nyumba ambazo tungezitembelea kesho yake. Basi, nikasema, anawavuta watu kwenye kanisa lake la zamani, sisi tunamsindikiza tu. Nikaazimia kumtoa kwenye timu Jumapili, mbele ya wote.

Nilitaka ushahidi tu. Ijumaa nikachukua panga kama mtu anayekwenda kukata majani ya ng'ombe, nikamfuata kwa mbali kupitia migombani. Mvua ilikuwa inanyesha. Alikuwa na mzigo kichwani, umefunikwa kanga, na kila baada ya hatua chache alisimama kupumzika. Nikawaza, hivyo ni vitabu vya kanisa lake. Akaingia kwa Bibi Subilaga, mjane, nami nikajibanza nyuma ya jiko kusikiliza. Ndugu zangu, mwinjilisti mzima!

Nikamsikia bibi akisema, "Ndaga, asante sana, mwanangu. Tangu upepo uangushe migomba sina hata ndizi moja. Kesho ningejifungia tena. Watu sita waje kwangu waondoke bila kula, nitaonekana mtu gani?"

Ule mzigo ulikuwa mkungu wa ndizi.

Mnajua desturi yetu. Mgeni haondoki bila kuonja kitu, na sisi tulikuwa tunakula kila nyumba na kushukuru sana. Watu hawakuikimbia Injili. Waliona aibu kwa sababu ya sufuria tupu. Atupele aliliona hilo, akawa anawabebea ndizi za shamba lake, na mimi kiongozi nikawa natafuta adui. Nililia pale pale kwenye matope, na siku ile Bwana akanifungua.

Jumapili nilisimama mbele ya timu, nikasema yote. Niliwaendea pia wale wawili. Mmoja amerudi, mwingine bado, na simlaumu. Sasa tunakwenda wawili wawili na ndizi zetu, tunamenya na kupika pamoja na wenyeji, na mazungumzo ya Mungu yanaanzia hapo kwenye kumenya. Sitawadanganya, shuku bado hunijia. Ikija, namwendea mtu na kumuuliza.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia. Nawe uliyeketi hapo ukimchunguza mwenzako, mkabidhi Bwana moyo huo leo, kisha nenda ukaongee na mwenzako huyo. Mimi nilipomaliza kumwomba Atupele msamaha, aliniambia, "Kaka, nilikuona migombani tangu mwanzo. Nilidhani unakuja kunipokea mzigo."