Jina Ndani ya Sala

PERLITA: Haloo? Ni nani? Pina?

PINA: Ni mimi, dada. Habari za Hong Kong?

PERLITA: Sema kwa sauti, mdogo wangu! Leo Jumapili, mayaya wote tuko mapumziko, daraja zima tunapokaa limejaa. Wenzangu hapa kwenye maboksi tuliyotandika wanagombania karata. Mama vipi?

PINA: Mama anaongea.

PERLITA: Yesu, Maria na Yosefu! Jamani, mama yangu ana—

PINA: Tulia kwanza. Haongei vile. Anasali.

PERLITA: Anasali? Si tangu kiharusi ni "a, a" tu, hata maji hawezi kuomba?

PINA: Maji bado. Mzee Gaudencio wa hapa kijijini kafariki Jumatano. Wanawe wakaja kumchukua mama, si unajua yeye ndiye kaongoza sala za wafu hapa Paoay miaka thelathini. Nikasema hawezi. Wakambeba na kiti chake. Kuona mishumaa tu, dada, sala zikamiminika. Litania nzima, hakuruka mtakatifu hata mmoja.

PERLITA: Muujiza huo!

PINA: Mtaalamu wa usemi anasema si muujiza. Eti vitu vya kukariri, sala, kuhesabu, hata matusi—

PERLITA: Matusi?

PINA: Jana kamtukana jogoo wa jirani, safi kabisa. Eti vitu hivyo vinakaa upande wa ubongo ambao haukuguswa, vinajitokea vyenyewe. Kilichoharibika ni kule kutafuta neno. Sasa, dada... (mtandao unakwaruza) ...jina.

PERLITA: Unakatika. Jina gani?

PINA: Kwenye sala kuna pahali pa jina la marehemu. Pale hapakaririwi, kila msiba na jina lake. Mama kufika pale, akanyamaza. Jasho linamtoka. Midomo inatafuta. Sote tukijua atasema Gaudencio. Akasema Edilberto.

PERLITA: Si... si mwanawe, Berto wetu? Jina lililo karibu na mdomo. Kachanganya tu.

PINA: Siku ya pili ya sala nikamwandikia "Gaudencio", herufi kubwa. Akaisukuma karatasi. Edilberto tena, huku analia. Wanawe Gaudencio wamenuna, wanasema baba yao anapelekwa mbinguni kwa tiketi ya mtu mwingine.

PERLITA: Pina, Berto yuko melini. Nilikwambia, huko baharini mtandao—

PINA: Miezi saba?

PERLITA: Mkataba mrefu.

PINA: Wakala wa meli ana namba ya nani? Si yako?

PERLITA: Utamaliza salio lako bure.

PINA: Liishe! Siku aliyoanguka mama, simu ya mwisho ilikuwa yako. Dakika kumi na moja. Mliongea nini?

PERLITA: Mambo ya kawaida. Aliuliza kama Berto anakula vizuri.

PINA: Ukamjibu nini?

PERLITA: Sikumjibu.

PINA: Basi nijibu mimi. Naiogopa nyumba hii. Namlisha mtu anayejua kitu na hawezi kukisema, na wewe unaweza, hutaki. Berto yuko hai?

PERLITA: Yuko hai. Mzima kabisa. Naapa.

PINA: Mwambie mama mwenyewe. Naweka spika. Mama, Perlita huyu.

PERLITA: Pina, usi— Mama? Hujambo, Mama? Umekula?

MAMA: A... a...

PERLITA: Usijisumbue, Mama. Sikiliza, Berto anakusalimu sana, ana—

MAMA: Raha ya milele umpe Edilberto, ee Bwana—

PERLITA: Na mwanga wa milele umwangazie.

PINA: Dada.

PERLITA: Hapana. Hapana, Pina, imetoka yenyewe! Mazoea tu, tangu utotoni, ni mdomo tu—

PINA: Umeitikia.

PERLITA: Sikutaka—

PINA: Salio linakwisha. Alikufa lini? Niambie siku tu.

PERLITA: (analia) Machi. Tarehe tisa. Waliniambia mimi peke yangu, Pina, na mama na presha yake, nikaona nisubi— (tuut, tuut)

PINA: Haloo? Dada? Haloo?

MAMA: Apumzike kwa... a...

PINA: Imekatika, Mama. Anza tena mwanzo. Nitaitikia mimi.