Lubugo Chini ya Injini

Ndugu zangu, nimeombwa niseme kwa kifupi. Mume wangu yule pale anacheka, anakijua kifupi changu. Mnivumilie.

Tulikuja Kampala kutoka Kongo, tukapanga nyumba Kisugu wakati wa utawala wa wanajeshi. Sisi lugha yetu ni Kiswahili, na Kiswahili siku zile kilikuwa lugha ya askari. Nikifika kuchota maji, wanawake wananyamaza. Walidhani sisi ni macho ya serikali. Jirani yetu, bibi mmoja Mganda ambaye mtaa mzima ulimwita Jjajja, akiniona tu anaingia ndani na kufunga mlango. Niliumia, siwafichi.

Riziki yetu ilikuwa lori moja kuukuu la dizeli. Mume wangu alibeba matoke kutoka Masaka, tukala. Mara akaanguka kutoka juu ya mzigo, akavunjika mkono, na wiki hiyohiyo lori nalo likaanza kumwaga oili. Ilivuja kwenye ukingo wa sampu, lile karai la chuma lililofungwa chini ya injini. Gasketi yake, ule ukanda unaoziba kati yake na injini, ilikuwa imeoza, na maduka ya spea yalikuwa yamebaki makufuli matupu.

Askari mmoja wa doria akawa kila akipita analiona limesimama. Akasema akirudi Jumatatu akalikuta haliendi, atalivuta mpaka kambini, kwa kuwa lori lisilofanya kazi ni mali ya serikali. Ndugu zangu, nawaambia, gari likishaingia kambini ndiyo basi tena. Tungekula nini?

Mume wangu, kwa ujanja wake, akasema leta sabuni. Kila dereva alijua kwamba tangi la dizeli likitoboka unaliziba kwa sabuni ya kufulia, unafika nyumbani. Na sabuni yenyewe ilikuwa adimu kama sukari. Nikaikanda yote, nikaipaka kuzunguka ukingo wa sampu. Bwana yule alisahau kwamba tangi ni la baridi, injini ni moto. Kuwasha kidogo tu, sabuni ikayeyuka, oili ikachuruzika na sabuni yetu ndani yake. Siku hiyo sikumsemesha mpaka jioni.

Jumapili, tulipotoka kanisani, yeye akakaa kwenye kigoda, mkono umening'inia shingoni, mimi nikaingia chini ya lori. Nikamwaga oili kwenye sufuria na kuifunika vizuri, maana nyingine isingepatikana. Nikafungua bolti, nikaacha chache za kulishikilia sampu. Likagoma kubanduka. Nikataka kulichokonoa kwa bisibisi, akanikataza nisije nikaukunja ukingo. Nikaligonga kwa kipande cha ubao mpaka likaachia. Nikakwangua gasketi ya zamani kwa kisu cha jikoni, chuma kikang'aa. Sasa mpya iko wapi? Nikajaribu kuikata kwenye boksi la karatasi, likalowa oili likanikatikia mkononi. Nikakaa vumbini nikalia, tena kwa sauti.

Ndipo Jjajja akavuka ua. Amekumbatia lubugo, ile nguo ya gome la mti ambayo Waganda huwazikia watu wao. Alikuwa amejiwekea la kwake sandukuni, tayari. Akalikunjua mbele yangu, akanionyesha upande mmoja.

"Kata hapa miguuni," akasema. "Maiti haisikii baridi."

Kwa Kiswahili, ndugu zangu! Cha kuokoteza, lakini Kiswahili. Nikamwambia siwezi, Jjajja, hilo ni la safari yako. Akanijibu kwamba yeye hafi Jumatatu, ila wanangu Jumatatu watataka kula.

Tukalitandaza juu ya mdomo wa sampu. Nikagonga taratibu kwa nyundo kufuata ukingo mpaka alama zikajichora, nikakata, matundu ya bolti nikatoboa kwa msumari. Gundi hatukuwa nayo. Jjajja akarudi kwake akaleta kopo la rangi ya madirisha iliyokuwa imeanza kuganda, tukapaka pande zote mbili. Nikalirudisha sampu mahali pake, nikakaza bolti kidogo kidogo, nikianzia katikati, huku na huku, bila hasira. Tukaiacha rangi ikauke.

Jumatatu askari akaja kweli. Oili nilikwisha kuichuja kwa kitenge na kuirudisha. Mume wangu akawasha kwa mkono mmoja. Injini ikanguruma, ikapata moto. Askari akainama, akapitisha kidole chini ya sampu, akakitazama. Kikavu. Akaenda zake, na mimi nikapiga magoti palepale uani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, hata kwa sabuni ile. Na Jjajja, ambaye hayupo tena, namshukuru kuliko ninavyoweza kusema. Nilidhani ananichukia, kumbe alikuwa anaogopa, kama mimi nilivyokuwa naogopa. Siku ile aliogopa na akavuka ua hivyohivyo. Kwa hiyo ukiwa na jirani asiyekusalimia, usiharakishe kumhukumu. Lori lile lilibeba matoke miaka mingi, likawalisha wanangu wote, nao ndio hao mnaowaona wamekaa kule nyuma.