Taa Tunazozizima kwa Ajili ya Darubini za Mlimani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Sayansi. Mkuu wa Kituo cha Darubini. Ndugu na majirani:

Sisi wakazi wa mtaa ulio chini ya mlima tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kiti ulichokalia kimetoka zahanati, na anayekusomea ni fundi cherehani, kwa hiyo sauti ikikwaruza utuwie radhi. Amezoea kupiga kelele kuishinda mashine yake.

TULIVYOANZA KUISHI NA DARUBINI

Kituo kilipojengwa tulidhani ni mitambo ya simu. Mkuu wa Kituo, ambaye sisi humwita Shangazi, akaja kuketi nasi kwenye mabenchi ya zahanati. Alisema kuna chembe ndogo ajabu, nyutrino, zinazotoka mbali kupita nyota zote tunazoziona. Hupenya kuta, miili yetu na dunia nzima bila kupinda njia. Zile zenye nguvu nyingi mno, hakuna ajuaye kwa hakika zinazaliwa wapi. Mtambo uliofukiwa kwenye barafu, nchi ya mbali, ukinasa moja, hutuma taarifa, na darubini zetu hugeukia upande huo kutafuta miale ya gamma, yaani mwanga wenye nguvu nyingi usioonekana kwa macho. Vyote viwili vikitoka mahali pamoja, huenda chanzo kimepatikana.

"Sasa sisi tunaingilia wapi?" kinyozi akauliza.

"Miale hiyo ikigonga hewa huko juu hutoa mmweko hafifu wa bluu," Shangazi akajibu. "Taa zenu zinaumeza."

Tangu hapo, king'ora cha Kituo kikilia tunazima. Vijana wetu wamelipokea giza kwa moyo mmoja, ingawa sababu zao hatukuziandika humu.

JIONI TUNAYOJIVUNIA

Mwaka jana king'ora kililia mara tu giza lilipoingia. Mtaa wote ukazima, isipokuwa dirisha moja la zahanati. Mke wa fundi viatu alikuwa katika uchungu, na mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Shangazi akateremka mwenyewe, anahema, akagonga.

"Shangazi, sizimi," mkunga akamwambia kutoka ndani. "Nikizima nitawapoteza wote wawili."

Shangazi akachungulia. Tulidhani atakasirika.

"Usizime," akasema. Kisha akatugeukia. "Nileteeni mablanketi."

Tukaleta mablanketi, mashuka, hata mapazia. Tukayashikilia kwa mikono dirishani, kwa nje, sisi pamoja na yeye, mpaka tukasikia mtoto analia. Mama mzima, mtoto mzima, wa kike. Fundi viatu alikaa palepale kwenye vumbi.

Shangazi hajaondoka, simu yake ikaita. Darubini zilikuwa zimeona miale ya gamma kutoka galaksi ya mbali yenye shimo jeusi katikati, upande uleule ilikotokea nyutrino. Alilia, nasi tukalia naye bila kuelewa vizuri. Baadaye alitufafanulia kwamba huo ni ushahidi mzuri lakini bado si uthibitisho. Zinahitajika nyutrino nyingine nyingi. Yaani bado anatuhitaji.

YANAYOTUSUMBUA

Giza nalo lina maumivu yake. Mama mkwe wa kinyozi aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga, na mpaka leo hajarudia kutembea vizuri.

Tena kuna maneno. Tumesikia, pengine tumesikia vibaya, kwamba darubini zinaongezwa na mtaa huu utahamishwa ili giza liwe kamili. Walikuja watu na vipimo, wakapiga rangi nyekundu kwenye kuta zetu. Tulipowauliza, wakasema, "Waulizeni wakubwa." Mheshimiwa, leo mkubwa yuko mbele yetu.

MAOMBI

Tunaomba taa za barabarani zenye vifuniko, zinazomulika chini tu. Shangazi ametuhakikishia kwamba zipo na hazimsumbui. Tunaomba zahanati ipatiwe mapazia mazito. Na hilo la rangi nyekundu, tunaomba utujibu kwa kinywa chako, hapahapa, kabla hujapanda gari.

Tuko radhi kuzima taa kila tutakapoitwa, sisi na watoto wetu. Ombi letu ni kwamba ziwe taa za nyumba zetu, hapahapa chini ya mlima.

Mungu akufikishe kwako salama, na awape watafiti wetu macho ya kuona wanachokitafuta.

Ni sisi,
Wakazi wa Mtaa wa Chini ya Mlima