Mnara Nilioufuta

Sikilizeni wanangu, na kabla sijasema neno nioneeni kitu kimoja. Binti yangu, wewe uliye kwenye basi, fumba macho. Wewe kitinda mimba uliyenishikia simu usifumbe, usije ukamwangusha dada yako. Oneni gari la wagonjwa likipanda mlima wa hospitali asubuhi ya Jumamosi, barabara imelowa. Ndani, mkunga amepiga magoti, na mama aliyelala anauma shuka. Simu imebanwa dirishani, na kwenye kioo chake yumo daktari, anaonyesha kwa mikono yake miwili namna ya kumpokea mtoto aliyetanguliza miguu. Gari linafika kwenye kona. Mikono ya daktari inaganda. Sauti inakatika.

Kona hiyo imeninyima usingizi miaka minane. Usiniambie nipumzike, kitinda, nitapumzika mpaka nichoke. Niinulie mto.

Kazi yangu mnaijua, maana ndiyo iliyowasomesha. Anayetembea na simu hupita kutoka mnara hadi mnara, kama sufuria ya moto inavyopokezanwa jikoni: wa pili ashike kwanza, ndipo wa kwanza aachie. Ikifanywa vizuri, mtu huongea na kutazama picha njia nzima, wala hajui kwamba amepita mikono kumi. Lakini mnara haumkabidhi mtu kwa mnara usioujua. Kila mnara una orodha ya majirani zake, na asiyeandikwa humo, hata awe karibu vipi, ni kama hayupo.

Mimi nilitunza mnara wa sokoni. Baba yenu mdogo, mliyemwita Kipimo kwa sababu hata chumvi angeipima kwa rula, alitunza ule wa hospitali. Watu waliokuwa mpakani mwetu, kwenye kona ile, walirushwa huku na huku kama mpira, picha zao zikikwama, na kila mmoja wetu akamlaumu mwenzake. Dawa yake ilikuwa kuketi pamoja nusu saa na kukubaliana mnara wa pili uzidi nguvu kwa kiasi gani ndipo mtu ahamishwe. Hatukuketi. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Sisi tuligombana mkalima mkachoka. Siku moja akaniambia mbele ya wanafunzi wangu, "Kaka, mnara wako umezeeka kama mwenyewe." Wakacheka, nami nikacheka nao. Alhamisi jioni nikaketi kwenye kompyuta, nikaufuta mnara wake kwenye orodha yangu. Nilijisemea aonje kidogo, Jumatatu nitaurudisha.

Jumamosi lile gari likapita.

Mama alipona. Mtoto hakulia. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya simu, wala mimi sijui. Na huko kutokujua ndiko ninakoondoka nako.

Bado unaniona, binti yangu? Umevuka daraja? Picha ikiganda hapo usikate, itarudi.

Jumatatu niliwahi ofisini kabla ya wote, nikaurudisha. Wachunguzi walipokuja wakakuta kwangu ni sawa kabisa, na ofisi nzima tulitumia neno moja la siri, hivyo kompyuta haikujua ni mkono wa nani. Mkubwa wa kazi, yule wa kampuni ya simu iliyotupa mkataba, akauliza imekuwaje. Ndugu yangu akanigeukia, kwa kuwa aliamini hakuna aijuaye kazi ile kama mimi, akasema, "Kaka, waeleze basi." Nikawaeleza. Nikawaeleza taratibu, kama ninavyofundisha, jinsi mnara wa pili unavyoweza kukataa kupokea. Kabla ya saa sita alikuwa amefukuzwa kazi.

Mmekuwa mkisema ana kinyongo, ndiyo maana haji hapa. Mwenye kosa ni mimi. Yeye anatengeneza feni na pasi kibandani, nyuma ya stendi hiyo unayoikaribia, binti yangu.

Sasa shikeni haya. Nyumba ni yenu wawili, msiitie ukuta katikati. Ofisi aiongoze binti yangu. Gari la kupimia mawimbi ya minara na simu zake sita ni la baba yenu mdogo, na kiti changu ofisini ni chake akikitaka. Chini ya mto huu kuna karatasi tatu nilizoandika kukiri haya na kutia sahihi: moja ya baba yenu mdogo, moja ya mkubwa wa kazi, moja ya yule mkunga, naye atajua namna ya kumfikishia yule mama.

Nakusikia, binti yangu. "Baba, watatunyang'anya mkataba." Wanaweza, na nimewaachia mzigo huo nikiujua. Nawe kitinda unanong'ona, "Baba, si yamepita?" Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, ni kweli, lakini aliyeteleza kwenye maji hayo bado yuko chini.

Umefika? Shuka. Acha mizigo, utairudia. Tembea na simu hivyohivyo, usiikate, pita nyuma ya vyoo vya stendi, uliza fundi feni. Nataka kumwambia mwenyewe. Kitinda... nisogezee karibu na mdomo.

Mungu awafungulie njia wanangu. Awape ndimi zisizochelewa... kama ulimi wangu. Msinyimane salamu hata siku moja.

Mbona hatua zako zinakwenda polepole... ni wewe, au ni masikio yangu?

Nikiwa nimenyamaza utakapofika... msianze na habari ya kifo. Akisikia kifo atasamehe kabla hajajua anasamehe nini. Anzeni na hili: kwamba hakukosea. Mengine... mkiyasahau, si kitu. Hilo tu, wanangu, tafadhali... hilo mlikumbuke.