Mji wa Kale wa Meku Leodegar

Kijiwe chetu kiko njia panda, huku Kibosho juu, pale barabara inapogawanyika kwenda msituni na kuteremka Moshi mjini. Ni gogo lililolazwa mbele ya kibanda cha Dominika, anayetukaangia kahawa ileile iliyobaki baada ya watu kung'oa mibuni yao kwa hasira ya bei na kupanda nyanya. Nzuri yote imekwenda Ulaya, sisi tunakunywa makapi na kuyasifia. Wenye gogo ni watatu, ukiniacha mimi. Profesa alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na tangu siku hiyo hajakubali kushindwa hoja. Basili tunamwita Nondo, maana ni fundi mwashi. Halafu yupo Ruksa, dalali aliyegeuka mwongoza wageni. Kuuza ruksa, kubomoa ruksa, kudanganya ruksa: soko huria lilimkuta ameshajiandaa.

Ubishi wa asubuhi hiyo ulikuwa wa mawe. Ng'ambo ya barabara kuna kihamba cha marehemu Meku Leodegar, shamba la migomba la baba na babu zake. Mwanawe Denis alikiuza kwa mwekezaji wa hoteli, greda likaingia, na katikati ya migomba likafukua mawe yaliyopangwa duara. Nondo akayajengea nguzo za geti. Ruksa naye hakulala. Kesho yake alipigilia kibao kando ya nguzo hizohizo: MJI WA KALE. Tangu hapo Wazungu wanaoshuka mlimani wanapiga picha pale, na kahawa ya kijiweni analipa Ruksa. Kwa hiyo hakuna aliyebisha kama mji ulikuwepo. Tulibishania ukubwa wake tu, na mimi nilikunywa kama wengine.

Ruksa: Jana nimewapitisha Wadachi. Mama mmoja kagusa nguzo, machozi yakamtoka.

Nondo: Alikuwa na haki ya kulia. Ile nguzo nimeipaka samadi na majivu ndipo ikapata uzee.

Profesa: Usituharibie historia kwa samadi, Nondo. Uzee umo ndani ya jiwe lenyewe. Mimi nimelichunguza. Wale walikuwa watu wa malkia mmoja wa mashariki, walipanda na ngamia wakitafuta chumvi.

Nondo: Ngamia apande Kibosho na utelezi huu?

Profesa: Zamani hakukuwa na utelezi. Utelezi umekuja na magari.

Ruksa: Mimi nawaambia wageni ni mdogo wake Farao. Walikosana juu ya urithi, akakimbia na maiti ya mama yake. Akaja huku kwa ajili ya barafu, maiti isioze.

Mimi: Barafu iko Kibo, mbe. Mbona mama kamzika kwenye migomba?

Ruksa: Enzi hizo barafu ilifika hapa kwa Dominika.

Dominika: Hapa kwangu hayajafika hata maji ya bomba.

Nondo: Nyote mnakosea. Mawe yale nimeyabeba mimi. Lile la chini lilitushinda mpaka tukaleta mtaimbo. Binadamu wa kawaida hawezi kulilaza vile. Waliojenga mji ule ni majitu. Yalikuwa yanakaa Mawenzi, yakirushiana mawe na wenzao wa Kibo, mengine yakaanguka hapa.

Profesa: Kwa hiyo mji umejengwa kwa mawe yaliyokosa shabaha?

Nondo: Kwani mingine inajengwaje?

Tukacheka mpaka Dominika akasahau kutumiminia. Hapo ndipo mwanamke akasimama mbele yetu, kitenge kimelowa umande, viatu vimejaa matope. Mkononi alishika mche wa sale, mizizi yake imefungwa kwenye nailoni. Mchaga akiona sale mkononi mwa mtu haulizi: huyo amekuja kuomba msamaha, na anayepelekewa hatakiwi kukataa. Ruksa yeye aliona mteja.

Ruksa: Karibu, mama. Umekuja kuona mji wa kale?

– Shikamooni, wazee.

– Marahaba.

– Mimi ni Yuditha. Yuditha wa Leodegar.

Vikombe vikarudi chini vyenyewe. Yuditha alitoroka na mwalimu wa Kilutheri wa Sanya Juu, na huku kwetu ni Wakatoliki watupu; baba yake akaapa kwamba hana binti, na binti akajibu kwamba hana baba. Watu wa midomo mizito, wote wawili. Mzee alipougua alikuwa anamuulizia kila anayetoka upande ule, na binti alipopata habari tulikuwa tumeshamzika. Tulimzika sisi. Meku alikataa saruji, alikataa msalaba wa vigae, akataka alazwe na baba zake katikati ya kihamba, mawe ya mtoni yamzunguke na masale yapandwe juu. Profesa ndiye aliyesoma wasifu wake. Ruksa alichinja mbuzi. Mimi nilibeba jeneza upande wa miguu. Na mawe yale, moja baada ya jingine, hadi lile kubwa la chini, aliyapanga Nondo kwa mikono yake, akilia waziwazi, kwa sababu Meku ndiye aliyemfundisha kazi.

Hayo ndiyo majitu ya Mawenzi.

Yuditha: Niliposikia Denis ameuza, nikasema hata akiuza, kaburi halina mnunuzi. Nikaondoka nyumbani alfajiri. Nimeingia pale nimekuta udongo mtupu, umesawazishwa kama uwanja wa mpira. Mawe hamna, masale hamna. Sasa ninyi wazee wangu ndio mliomzika. Nionyesheni alipolaza kichwa, nipande sale langu.

Profesa akamtazama Nondo. Ruksa akanyoosha kidole pale yatakapokuwa maegesho, kisha akakisogeza kuelekea litakapojengwa jiko la hoteli, kisha akakirudisha mfukoni. Mimi nilikumbuka mgomba mmoja ulioinama, tuliupita kushoto na jeneza. Mgomba wenyewe haupo. Nikatazama kahawa yangu na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi ilivyo chafu.

Yuditha: Hata upande tu. Nikijua upande, nitapiga magoti nisogee mwenyewe.

Ng'ambo, gari la wageni lilikuwa limesimama, mmoja anawapanga wenzake mbele ya nguzo wapigwe picha.

Nondo akainuka. Akamsogelea Yuditha bila kumtazama usoni.

Nondo: Mae, mama yangu, nipe jani moja. Jani moja tu la hilo sale, nikuombe radhi.

Yuditha akausogeza mche kifuani.

Yuditha: Hili ni la baba. Wewe kakate lako.

Akavuka barabara, akapita katikati ya nguzo, wageni wakampisha. Tulimwona anatembea polepole juu ya ule udongo, anasimama, anasogea, anasimama tena.

Dominika akatunyang'anya vikombe na kahawa ikiwa bado imo, akaimwaga. Masale yamejaa kwenye kila ua, kuanzia kibanda chake hadi kanisani. Nondo alirudi kukaa. Hakuna aliyekwenda kukata.