Risala ya Wakereza wa Nanyala Kuhusu Sanduku Lililoko Kabatini

Mgeni rasmi, Mama Atupele, mlezi wetu, uliyeliacha duka lako la vifaa vya ujenzi pale Tunduma ukapenya katikati ya malori yote yale mpaka ukatufikia. Mwenyekiti wetu, Mzee Wiliam. Majirani mliokuja kutusikiliza, na ninyi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna pilau: tunawasalimu wote.

KARIBU

Sisi wakereza mbao wa Nanyala tunasema umefika nyumbani. Kiti ulichokalia, Mama, tumekitengeneza sisi, na miguu yake yote minne imekerezwa hapa hapa. Ukisikia kinayumba kidogo, tatizo ni sakafu.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu hakina ukumbi wala kiwanda. Kila mmoja anafanyia kazi kwake: mwingine uani, mwingine kwenye kibaraza, mwingine pembeni ya banda la kuku. Mashine zetu zilichomelewa Mlowo, na mota zake zilitoka kwenye mashine mbovu za kupukuchulia mahindi. Mota inazungusha kipande cha mti kwa mkanda, mkereza anakisogezea chuma chenye makali, na kisiki kinageuka kikombe. Mtu akiwasha yake, redio ya jirani inakoroma, kwa hiyo mtaani hakuna mkereza anayefanya kazi kwa siri.

Miti hatuifuati mbali. Watu wa Mbozi wanang'oa mibuni mizee wapande mipya, na visiki vyake zamani vilikuwa vinaishia jikoni. Sisi tunawahi kabla ya jiko. Kisiki cha mbuni kikikaushwa kivulini taratibu, ndani yake kuna rangi ya asali.

Kwenye zana ndiko tulikojionyesha. Tuliamini kwamba chuma kigumu kuliko vyote ndicho kizuri kuliko vyote. Tukaona tupa inakula vyuma vingine, basi tukasema hii ndiyo yenyewe. Kila mkereza wa Nanyala akaokota tupa iliyochoka, akaichonga ncha, akaitia mpini, akatembea kama fundi aliyesomea nje. Tupa ni ngumu kweli, hatujaikosea. Ila haijui kupinda. Ikibanwa na mti unaozunguka, inakatika kama biskuti.

Mwaka jana ulitusikia, Mama, ukaja na sanduku. Ulilifungua hapa mbele ya watu. Patasi za kila namna zilikuwa zimelala kwenye kitambaa chekundu, na mabobari, zile patasi zenye mfereji, yamepangwa kuanzia dogo mpaka kubwa. Vigelegele vilisikika barabara kuu. Nawe kwa furaha ukasema, "Nikirudi nizikute zinang'aa hivi hivi!"

Mama, umerudi. Zinang'aa hivi hivi.

TULICHOFANIKIWA

Mafanikio yetu ya kwanza ndiyo hayo. Mzee Wiliam alilipeleka sanduku kwake, akaliweka likiwa wazi kwenye kabati la vioo sebuleni, kati ya sahani za harusi na picha ya kipaimara cha binti yake Enesi. Juu ya kabati pana kitambaa cha kufuma. Funguo za kabati na sanduku anazivaa shingoni. Kila Jumapili akitoka kanisani anazifuta kwa mafuta ya alizeti, moja baada ya nyingine, na wakati huo mtu haruhusiwi kupiga chafya. Wageni wa mbali wanapelekwa kuziona. Kuna bwana harusi mmoja aliomba kupiga nazo picha, akakubaliwa, ila asizishike.

Mafanikio ya pili, tumejifunza mengi kwa kuzitazama kupitia kioo. Tumejua kwamba mkereza wa nyumbani hahitaji utitiri wa vyuma. Bobari pana la kuondolea magome, bobari refu la kuchimbia ndani, patasi ya ncha ya mshazari ya kulainishia, na chuma chembamba cha kukatia. Hapo mtu anakereza mpaka uzee. Tumejua mpini uwe mrefu, uegemee nyonga, ili mwili ndio uongoze na si vidole. Tumejua pia kusikiliza: chuma kikiwa kikali kinamenya maranda marefu kama maganda ya viazi. Kikiwa butu kinatoa vumbi, mtu anaanza kusukuma, na anayesukuma ndiye anayeumia.

Na tumejua jambo moja gumu kulisema mbele ya mtoa zawadi. Patasi ya dukani, hata ing'ae vipi, haikati vizuri mpaka ipite kwenye jiwe la kunolea.

YANAYOTUKWAZA

Hapa, Mama, hatuna orodha. Tunaye Restuta. Ni yule wa mstari wa tatu mwenye kilemba cha njano, anayetazama chini. Hakutaka asemwe.

Restuta mashine yake iko nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka jikoni, ili macho yake yawe huku na pua yake iwe kule. Anakereza vikombe vya mbuni. Anavichukua Ketrina, mfanyabiashara wa Tunduma, ambaye kwa kuzoeana na Wazambia kila mwanamke anamwita mayo, yaani mama. Alasiri moja maharage yalikuwa yanachemka, Restuta naye alikuwa anachimba ndani ya kikombe kwa tupa yake. Mikono ya shati ameifunga vifungo, khanga ameikaza, kila kitu sawasawa. Akasikia mlio unabadilika. Alijua maana yake ni azime. Lakini kikombe kilikuwa kimebaki kidogo tu, na mtu yeyote aliyewahi kushika kazi anajua hicho kidogo kilivyo na ushawishi.

Tupa ikakatika. Ncha ikapita karibu na sikio lake, ikaenda kutoboa sufuria.

Restuta alizima mashine, akashika sikio, akatazama vidole. Hapakuwa na damu. Akageuka akaona mchuzi unamwagikia motoni, na anasema kitu cha kwanza alichokisikia moyoni ni hasira ya maharage. Akaepua sufuria, akakaa juu ya kisiki.

Hivyo ndivyo alivyomkuta mumewe, Jairo, dereva wa kenta za mahindi pale Mlowo. Jairo aliinua sufuria, akapitisha kidole kwenye tundu, akalisogeza mpaka usawa wa kichwa cha mkewe.

"Mama Witness," akasema, "hili limekufa kwa niaba yako."

Hakupiga kelele. Aliuchomoa mkanda wa mashine, akauviringisha, akaenda kuuweka chini ya kiti cha kenta.

"Baba Witness, huo mkanda ni wa kazi."

"Na wewe ni wa nini? Siku utakayonionyesha bobari la kweli, nitaufunga mwenyewe. Kwa tupa, hapana."

"Ya kweli yapo. Yako kwa mwenyekiti."

"Si ukayachukue!"

Akaenda. Mzee Wiliam alimkaribisha vizuri, akamwekea chai.

"Baba, naomba lile bobari refu tu."

Mzee akashika funguo shingoni. "Utalitumia bila kulipitisha kwenye jiwe?"

"Halitakata, baba."

"Na likipita kwenye jiwe litabaki linang'aa?"

Restuta hajui kudanganya. "Kwenye makali litang'aa. Pembeni patakuwa na michirizi kidogo."

"Michirizi!" Mzee akasimama. "Mama Atupele akirudi nimwambie nini? Tumeikwaruza zawadi yake?"

"Mwambie tumeifanyia kazi."

"Mwambie wewe, mwanangu. Mimi niliachiwa agizo."

Restuta akarudi nyumbani na chai tumboni na mikono mitupu. Tangu siku hiyo mashine yake imefunikwa gunia, na kuku wanataga kwenye maranda yaliyo chini yake. Wakati mwingine anafunua gunia, anakizungusha kile kikombe kwa kiganja. Kinazunguka kidogo, kinasimama. Ketrina naye hapumziki kupiga simu: "Mayo, watu wa kichen pati wananiuliza. Nikikosa kwako navuka mpaka kwenda Nakonde, kuna baba pale anakereza." Restuta anamwambia subiri, naye hajui anamwambia asubiri nini. Akimpoteza Ketrina, hana mnunuzi mwingine, na sisi tutakuwa tumempoteza mkereza bora kuliko sote.

Utauliza kwa nini hatukukupigia simu. Tuliona haya, Mama. Mtu anaanzaje kumwambia aliyempa zawadi kwamba hajaigusa? Kwenye kikao mwenzetu Brayson alishauri tuzimwagie vumbi la mbao uzione kama zimetumika. Mzee Wiliam nusura alie. Tusimseme vibaya, angekuwa mtu wa kuuza zawadi, leo pasingekuwa na sanduku la kubishania.

TUNACHOOMBA

Tunajua mahali hapa mgeni rasmi hujiandaa kuombwa. Tulikuwa tumeandika ukumbi, mashine kubwa na transfoma. Tumevikata vyote. Tuliona aibu kuomba cha pili wakati cha kwanza kiko nyuma ya kioo.

Tunaomba hivi. Sanduku tumelitoa kabatini, liko mbele yako hapo mezani. Ufunguo wake Mzee Wiliam atautoa mwenyewe, ameahidi, mpe nafasi apumue. Utoe bobari refu, umkabidhi Restuta kwa mkono wako, na useme neno moja tu: "Tumia." Ulitamke kwa nguvu, upande wa sikio la kulia la mwenyekiti, maana la kushoto ni zito siku anazotaka liwe zito.

Jiwe la kunolea liko tayari na umeme umeunganishwa. Zitaruka cheche, kwa hiyo mstari wa mbele mkunje miguu. Mng'aro utapungua hapo hapo unapotazama, usishtuke. Mzee Wiliam ameomba wakati huo akawaamkie wapishi. Jairo yuko nje kwenye kenta na mkanda ameushika. Anasema utafungwa kabla sahani hazijatolewa.

Mama Atupele, Mungu akurudishe Tunduma salama, malori yakupishe, na duka lako lisikose mteja asubuhi wala jioni. Na kila utakachotupatia kuanzia leo, Mungu akujalie siku ukirudi ukikute kimechakaa.

Ni sisi,
Wakereza Mbao wa Nanyala