Kitabu cha Matamshi Alichokificha Mwalimu Theodory

Tarehe 12 Novemba 1950, marehemu Theodory Felisiani alibatizwa akiwa na umri wa siku tatu. Kitabu cha ubatizo cha parokia kinathibitisha hivyo. Alizaliwa kijijini Kaoze, mtoto wa Mzee Felisiani Urbano na Mama Dominika, wakulima wa mahindi na ulezi.

Alisoma shule ya msingi Kaoze na sekondari Tabora. Julai 1973 aliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kusomea ualimu wa Kiingereza, akapangwa chumba kimoja na Ndugu Muhidin Mwinjuma, mtoto wa mwenye malori wa Sumbawanga mjini. Muhidin alikuwa amekiokota Kiingereza kwa madereva wa Zambia, nacho kilimtoka bila jasho. Theodory alikifukua vitabuni peke yake, neno kwa neno, tangu alfajiri, na bado darasani kilimkwama kooni. Wivu ukamtoboa kama fukusi atoboavyo mahindi ghalani. Kila Muhidin alipoichekesha semina, yeye aliinamia daftari akijifanya anaandika.

Muhidin alimwalika watembee jioni wakizungumza. "Theo ndugu yangu, Kiingereza si ugali wa mchoyo, ukale umejifungia. Njoo tukitafune wawili."

"Kakitafune na madereva wako," alijibiwa.

Mtihani wa matamshi ulitegemea kitabu kimoja, na maktaba ilikuwa na nakala moja tu. Februari 1976, Theodory alipokwisha kukinakili, alikichomeka nyuma ya vitabu vya mifugo. Muhidin alikitafuta wiki tatu, hata akamwomba Theodory amsaidie, wakatafuta pamoja. Theodory akaongoza darasa. Muhidin akaanguka mtihani, akarudi kwenye malori ya baba yake.

Tangu Julai mwaka huo marehemu alifundisha sekondari mjini Sumbawanga. Wanafunzi wake wanaikumbuka sheria yake: ukishanakili ukurasa mmoja, mpe jirani kitabu kwanza. Sababu hakuwaeleza.

Tarehe 7 Oktoba 1978 alimwoa Kalista Zenon. Lori la harusi lilitolewa na Muhidin, naye ndiye aliyewavunja wageni mbavu. Bwana harusi alimtazama kwa wivu ule ule, safari hii umechanganyika na aibu.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 1983. Muhidin alifika wodini kila wiki na habari za safari za malori hadi bandari ya Kasanga. Kristiana, dada wa marehemu, alimwona kaka yake akifungua kinywa mara mbili na kukifunga. Mwishoni alimsimulia dada yake habari ya kitabu, akamwagiza: "Mimi nimeshindwa kumwambia Muhidin. Jambo hili lisomwe kaburini kwangu, na yeye awepo." Alifariki tarehe 3 Machi 1984.

Ameacha mama mzazi, mjane, watoto wawili na dada. Mungu amlaze mahali ambapo hakuna wa kushindana naye.

Kama Ndugu Muhidin, aliyeketi nasi hapa, alilijua jambo hili kabla ya leo, hatujui.